Paka kutokwa na udenda na matatizo ya mdomo: tupeane uzoefu

Baba Nunu:
Wakuu habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu hapa hasa nyie mliofuga paka miaka mingi. Nina dume wa miaka 9 anaitwa Nunu, tangu wiki iliyopita anadondosha udenda mpaka manyoya ya kidevuni yanagandana, unanuka vibaya na jana niliukuta na damu kidogo kwenye mto. Kinachoniumiza roho ni kwamba njaa anayo, nikichemsha dagaa tu anakuja kunizunguka miguuni analia, nikimwekea ananusa, anachukua mmoja anautafuna kichwa kakilaza upande, mara anautema na kuruka nyuma kama kapigwa. Majirani wanasema kala mjusi, nimwache atapona mwenyewe. Mimi roho haitulii kabisa. Nani yalishamkuta?

Fundi wa Tanga:
Pole sana kaka. Mimi nashona nyumbani na haya yalinikuta kwa kapaka kangu ka miezi 7. Asubuhi nakuta udenda unachuruzika, hali, anameza meza mate, nikajua sumu nikamwekea maziwa, hata hakuyagusa. Tukamviringisha kwenye kanga mdogo wangu akamshika, nikafunua mdomo nikamulika na tochi ya simu, sioni kitu, meno safi koo safi. Nilipomsukuma kwa kidole gumba chini ya taya ulimi ukanyanyuka ndo nikauona uzi mwekundu umezunguka shina la ulimi umeshaanza kukata nyama. Mkono ukanienda nivute jamani. Nikapiga simu kwanza, daktari wa mifugo akasema usiuvute hata kidogo, ncha ya pili ipo tumboni, ukivuta utumbo unajikunja na uzi unaupasua. Alipasuliwa siku ileile, yupo hai mpaka leo. Siku hizi nikimaliza kushona nafagia vipande vyote vya uzi kabla sijalala, hata umeme ukikatika nafagia na tochi.

Mpwani_001:
Wangu ilikuwa mwiba wa samaki aina ya changu, umekwama kwenye kaakaa kutoka magego ya huku mpaka ya huku. Alikuwa anajikwaruza mdomo kwa mguu wa mbele muda wote. Ulitolewa dakika mbili tu akaenda kula. Angalia hilo kwanza mkuu.

Mama Zuu:
Mimi naandika hapa kwa uchungu ila niseme labda nitaokoa paka wa mtu. Paka wangu alikuwa na viroboto wengi, nikaenda duka la dawa za mifugo nikapewa dawa ya kupe ya kuogeshea ng'ombe na mbwa, nikaambiwa weka kidogo kwenye maji haina shida. Baada ya masaa machache udenda unatoka povu, masikio yanacheza cheza, halafu mwili mzima ukaanza kutetemeka na degedege juu. Usiku huo huo akafa mikononi mwangu. Baadae sana ndo nikaja kuelezwa kwamba zile dawa zenye permethrin (kemikali ya kuua wadudu) na ndugu zake ini la paka haliwezi kuzivunja kama la mbwa, na kwamba ningemwosha haraka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo nikamkimbiza kwa daktari pengine angepona. Kama dawa haijaandikwa paka usimpake paka, hata muuzaji akuapie.

Dogo wa Moro:
Wangu akikandwa kichwani usiku anakoroma na udenda unadondoka miaka yote mitatu, anakula vizuri hana harufu. Daktari alisema huyo ni raha tu. Na ukimpa dawa chungu povu linatoka kama sabuni ila linaisha muda mfupi.

Mganga wa Ng'ombe:
Nafanya kazi ya mifugo vijijini. Kabla hamjafungua midomo ya paka naomba msikie hili. Paka anayetoa udenda na tabia imebadilika ghafla, mkali bila sababu au mpole kupita kawaida, taya limelegea, anayumba, hasa kama hana chanjo na anazurura usiku, USIMSHIKE. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia. Akikung'ata au mate yake yakiingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo, usisubiri uone paka atakuwaje. Sasa wa Baba Nunu, kwa umri huo, harufu, na kutafuna upande mmoja, mimi nawaza meno au fizi. Akiwa anakunywa maji mengi na kukojoa sana mwambie daktari, figo zikichoka nazo zinaleta vidonda mdomoni. Na uvimbe wa mdomoni kwa paka mzee upo, usichelewe.

Baba Nunu:
Ahsanteni wote, Mama Zuu pole sana, nimesoma yako mara mbili. Nimetoka kwa daktari leo. Kwanza nilimwambia nilitaka kumpa nusu panadol ya maumivu akashtuka, kumbe kidonge kimoja tu kinaweza kumuua paka. Akamfunua mdomo, magego ya kushoto huoni jino, ugaga wa kahawia mtupu na fizi nyekundu kama nyanya, jino moja limetoboka pale linapokutana na ufizi, akigusa tu taya zinagongana. Damu wamepima figo ziko sawa. Akapigwa nusu kaputi, yakatolewa matatu na mengine yakasafishwa. Nilikuwa na wasiwasi atakulaje, daktari akasema wapo paka wametolewa meno yote kwa sababu ya vidonda vya fizi na wanakula vizuri tu.

Saa hii ni saa tatu usiku. Nimemsagia samaki na mchuzi kidogo, kalamba sahani mpaka inasogea sakafuni, kichwa kimenyooka.