Nataka kunyonywa mafuta ya tumbo, mliopitia naombeni ushauri

Mama Wawili: Habari zenu wadau. Nina miaka 38, kilo 91, na tumbo tangu uzazi wa pili limegoma kabisa. Daktari niliyemwona aliongea nami kama dakika kumi, akanichora kwa kalamu tumboni, akauliza nakuja lini. Anasema naingia asubuhi, jioni niko nyumbani. Natamani nifike kilo 70. Nijue nini kabla?

Kisu Kikali: Kilo 70 zisahau, dada. Hiyo kazi ni ya kurekebisha umbo, si ya kupunguza uzito. Mafuta yakizidi kama lita 5 kwa mara moja hatari inapanda, na lita moja ya mafuta haifiki hata kilo. Halafu lala chali uangalie: tumbo likibaki limejaa na gumu, huenda mafuta mengi yako ndani, yamezunguka utumbo. Mrija haufiki huko. Unanyonya yaliyo chini ya ngozi tu.

Shangazi Mpole: Mimi nilifanyiwa. Hakuna aliyeniambia kwamba usiku wa kwanza vile vitundu vya kupitishia mrija vitavuja maji mekundu mpaka shuka zilowe, nikadhani nakufa. Kumbe ni ile dawa waliyonijaza, maji ya chumvi yenye ganzi. Nguo ya kubana nilivaa wiki 6. Wiki ya tatu tumbo lilikuwa limevimba kuliko nilivyoingia, nikalia. Umbo lenyewe nililiona mwezi wa nne. Upande mmoja ngozi ina mabonde mpaka leo. Nyama uzembe za kiunoni ziliisha kweli, sikatai.

Nesi wa Zamu: Mama Wawili, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Unavuta sigara? Hayo hakukuuliza? Vidonge vyenye estrojeni, ile homoni ya kike, huongeza hatari ya damu kuganda mguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua. Usiviache kimyakimya, mwambie daktari. Aspirini nayo mtajie. Ukirudi nyumbani, kigimbi kimoja kikivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, usisubiri kesho. Na umuulize nani atakulaza usingizi, na ukizidiwa unapelekwa wapi.

Kisu Kikali: Nimesahau: kama baada ya uzazi misuli ya tumbo iliachana au ngozi imelegea, kunyonya hakutasaidia. Ngozi inaweza kuning'inia zaidi. Huo ni upasuaji mwingine.

Mama Wawili: Nesi, vidonge natumia, miaka mitatu sasa. Nimelala chali, tumbo limeshuka lote, ila katikati kuna mfereji, vidole viwili vinazama. Nimepiga simu kuuliza wa usingizi ni nani. Dada wa mapokezi kasema, "Daktari mwenyewe anafanya yote." Ile tarehe nimeifuta.

Nesi wa Zamu: Huo mfereji kampe daktari mwingine aupime, akushike kwa mkono, si kwa kalamu.