Gothia Cup, Dana Cup au Norway Cup: yapi yanaifaa timu ya vijana wa miaka 15?

KaraniWaKlabu
Wakuu, naomba tulinganishe mashindano haya matatu ya Skandinavia. Timu ni ya klabu, wavulana wa miaka 15, wachezaji 18 na viongozi wanne, wote wanahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Bajeti inabeba mashindano mawili, hayafiki matatu.

Gothia Cup yanafanyika Göteborg, Uswidi, tangu 1975. Klabu mwenyeji ni BK Häcken na timu huzidi 1,500. Dana Cup yapo Hjørring, kaskazini mwa Denmark, tangu 1982. Mji ni mdogo na timu ni kama elfu moja. Norway Cup ni ya Oslo, tangu 1972, kitovu chake uwanda wa Ekeberg, na yamewahi kuvuka timu 2,000. Kwa kawaida yanapokezana: wiki ya 29 ya mwaka Gothia, ya 30 Dana, ya 31 Norway.

Mnashauri jozi ipi? Na je, kuna maskauti (wasaka vipaji wa klabu) wa maana?

Beki_wa_Tatu
Kalenda imeshakujibu nusu ya swali. Gothia na Norway zina wiki nzima tupu katikati, na kulisha na kulaza watu 22 wiki nzima bila mechi ni kuchoma hela. Zimebaki Gothia na Dana, au Dana na Norway.

Kwa idadi ya mechi hazipishani sana. Kundi la timu nne linakupa mechi tatu, kisha wa juu wanakwenda mtoano A na wa chini mtoano B, kwa hiyo hata ukifungwa zote bado una mechi ya nne. Wengi wanaidharau B. Mimi naona kwa timu ngeni ndiyo yenye faida: kuingia A ukiwa wa pili kundini mara nyingi ni kukutana na kinara wa kundi lingine, unatolewa siku hiyohiyo. Kwenye B unaweza kupata mechi tatu nne zaidi za kiwango chako.

Halafu zoezeni mechi fupi. Vijana huchezeshwa takriban dakika 15 hadi 25 kila nusu kulingana na umri. Timu iliyozoea kuusoma mchezo kwanza dakika kumi inajikuta nusu imekwisha. Ukifungwa la mapema, muda wa kurudisha ni mdogo mno.

MstariWaPembeni
Suala la maskauti tuliweke sawa kabla wazazi hawajaahidiwa mambo. Maskauti wanakuja, na Gothia inajivunia majina kama Andrea Pirlo na Xabi Alonso waliowahi kucheza pale. Lakini kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA za uhamisho kinakataza kumhamisha kimataifa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Milango iliyoachwa wazi ni michache: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizo za mpira, uhamisho wa miaka 16 hadi 18 ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, wanaoishi jirani na mpaka, na hali chache kama ukimbizi. Kijana wa miaka 15 anayetoka nje ya Ulaya hasajiliwi na klabu ya huko hata akifunga mabao kumi. Anayekwambia vinginevyo huku akidai ada ni wa kumkimbia.

Cha kufanya ni kuhakikisha kila mchezaji amesajiliwa klabuni kupitia shirikisho lenu. Fidia ya mafunzo na mgawo wa mshikamano, yaani malipo ambayo klabu zilizomlea mchezaji hupata akisajiliwa kulipwa au akiuzwa baadaye, vinahesabiwa kuanzia mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 12, na klabu isiyo na rekodi haidai kitu. Tena shirikisho hilohilo ndilo la kuwapa kibali cha kucheza nje.

PasiNaMihuri
Nichangie upande wa viza, maana timu nyingi zinaanguka hapa, uwanjani hazifiki.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Siku 15 kabla ya safari ndiyo mwisho kisheria, ila ukingoja hadi Juni nafasi za miadi zimejaa. Ombeni miadi ya kundi mapema, na barua ya mwaliko ya waandaaji iwe na jina na namba ya pasi ya kila mtu, si "timu ya watu 22".

Mkienda nchi mbili, maombi yanapelekwa ile mtakayokaa siku nyingi. Zikilingana, inahesabiwa mnayoingia kwanza. Gothia siku saba, Dana siku saba, ndege inatua Copenhagen, Denmark: hapo karatasi za Uswidi zinaweza kurudishwa. Ongezeni usiku mmoja upande mmoja, mjadala uishe. Norwe haimo Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo viza ni moja.

Ada ni euro 90 kuanzia miaka 12. Sasa hapa wengi hupitwa: sheria ya viza inawasamehe ada wawakilishi wa taasisi zisizo za faida wenye miaka 25 au pungufu wanaokwenda kwenye michezo iliyoandaliwa na taasisi isiyo ya faida. Ambatisheni cheti cha usajili wa klabu na barua ya waandaaji, na ombeni msamaha huo kwa maandishi. Gharama ya huduma ya kituo cha viza mtailipa palepale.

Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Fomu ya mtoto husainiwa na mzazi au mlezi, pamoja na ridhaa ya kusafiri na cheti cha kuzaliwa. Jina likiandikwa tofauti kwenye cheti na pasi, rekebisheni kabla, msiende kujieleza dirishani.

Njumu_na_Soksi
Mimi naangalia uwanja kwanza. Gothia sehemu kubwa ni nyasi bandia, Dana nyasi za asili kwa wingi, Oslo utakuta zote. Njumu za meno marefu ya nyasi asilia zinang'ang'ania kapeti: mguu unabaki, goti linazunguka. Kwa Gothia chukueni za meno mafupi na mengi. Mvua ikinyesha Hjørring, hizohizo zinateleza, kwa hiyo jozi hiyo inataka njumu mbili kwa kila mchezaji. Dana na Norway inapunguza tatizo hilo, na ndiyo ningechagua.

Malazi kote ni sakafu ya darasa. Godoro la upepo, pampu na begi la kulalia mnakuja navyo. Na vitambaa vya kufunika macho: Göteborg mwezi Julai jua linazama karibu saa nne usiku.

Beki_wa_Tatu
Hapo kwenye jozi sikubaliani nawe. Gothia na Dana usafiri ni mwepesi: kivuko cha Göteborg hadi Frederikshavn, kama saa tatu na nusu, kisha Hjørring ni kilomita zisizofika 40. Kwenda Oslo ni kivuko cha Hirtshals, Denmark, hadi Larvik, Norwe, halafu bado saa mbili hivi barabarani au kwa treni.

KaraniWaKlabu
Nimewapata. Umri unahesabiwaje, na mchezaji akinyimwa viza inakuwaje?

PasiNaMihuri
Gothia wanatumia mwaka wa kuzaliwa: mwaka wa mashindano toa 15, aliyezaliwa kuanzia Januari 1 ya mwaka huo anaruhusiwa. Pasi ndiyo ushahidi, kiongozi azibebe zote mechi za kila siku.

Viza hutolewa mtu mmojammoja, kwa hiyo mnaweza kupata 17 na mkakosa kipa. Waombeeni viza makipa wawili, na wachezaji wa akiba wawili zaidi ya kikosi. Kabla ya kulipa ada ya timu, waulizeni waandaaji kwa barua pepe kinarudishwa nini viza zikikataliwa. Ada ya usajili na malipo ya kila mtu ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi ya kwanza hairudi.