Naomba ushauri: binti anataka Cristo Rey, Chicago

Habari zenu wapendwa. Binti yetu anamaliza darasa la nane hapa Chicago na ameing'ang'ania Cristo Rey, ile sekondari ya Wajesuiti (shirika la Kikatoliki) iliyoanza 1996 kule mtaa wa Pilsen. Ada inapungua kwa sababu wanafunzi hufanya kazi maofisini siku tano kwa mwezi. Hapo ndipo ninapokwama. Mtoto wa miaka 14 ashinde anapanga mafaili, jioni arudi na hesabu za kesho? Baba yake anasema hayo ndiyo malezi. Sisi Waislamu, ila vipindi vya dini havinitishi. Mwenyewe nilisoma kwa masista Moshi. Wenye watoto pale, jamani, wanapata muda wa kulala? Na chuo kikuu wanakimudu?