Mjadala: Raga iingie shule za Tabora sasa, au tumalize kwanza shida za soka?

Wakuu, naleta hoja ninayoiamini. Watoto wa Manispaa ya Tabora wafundishwe raga kuanzia darasa la tano, na waanze na raga ya utepe, isiyo na kuangushana.

Kwa wasioijua: kila mtoto anafunga mkanda wenye tepe mbili, moja kila ubavu. Humkumbi mwenye mpira, unamchomoa utepe. Pasi kwenda mbele ni kosa, mpira unarushwa nyuma au pembeni tu, kwa hiyo anayetaka kusonga akimbie, na wenzake wamfuate. Magoli hayahitajiki, nyavu hazihitajiki. Mikanda na tepe, fundi cherehani yeyote wa Ng'ambo anashona kwa mabaki ya vitambaa. Cha kununua ni mpira.

Nasisitiza utepe kwa sababu ya ardhi yetu. Kiangazi kikikolea, viwanja vingi vya shule hapa ni udongo mkavu uliokakamaa, hauna hata jani. Kumwangusha mtoto pale ni kumtafutia kuvunjika bega. Raga ya kukabana isubiri uwanja wenye nyasi na mwalimu anayejua kumfundisha mtoto namna ya kuanguka.

Faida? Wavulana na wasichana wanacheza timu moja. Na mtoto mzito, yule ambaye kwenye chandimu anawekwa golini ili asisumbue, akikua atakuta raga ya watu 15 inamhitaji: mstari wa mbele unasukumwa na miili kama yake. Nawasilisha.

Mchangiaji wa Isevya: Napinga. Shule nyingi zina mpira mmoja wa soka, tena umechakaa, na netiboli haina hata pete za kufungia. Tunarukia mchezo wa tatu kwa fedha ipi? Halafu watacheza na nani? Raga ya nchi hii utaisikia Arusha na Dar es Salaam, na kutoka hapa hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Mwaka 2022 UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya taifa ya michezo ya shule za msingi na sekondari, zilifanyika hapa hapa Tabora. Tuliwaona watoto wa mikoa yote kwenye soka, netiboli, wavu, riadha. Huo ndio mlango wa mtoto wa kata kuonekana. Wa raga aonekane wapi?

Mtoa mada: Swali zito, mkuu. Nianze na la wapinzani. Raga ya wachezaji 7 kila upande ina vipindi viwili vya dakika 7, na utepe unaweza kufuata mtindo huohuo. Shule 8 zinakutana Jumamosi, bonanza linaanza saa tatu asubuhi na alasiri bingwa amepatikana. Hakuna anayepanda treni. Mji huu una Milambo, Kazima, Uyui, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, bila kuhesabu shule za msingi. Wapinzani tunao tayari.

Kuhusu kufika mbali, tusidharau mtindo huu wa watu 7. Fiji, nchi ya watu wasiofika milioni moja, ilipata medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki Rio 2016 kwa raga hiyo, tena dhahabu. Mwaka huohuo Kenya iliifunga Fiji hiyo 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore. Majirani zetu hao.

Mchangiaji wa Kanyenye: Mifano hii inavutia ila haijakamilika. Hata Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini aliyebeba Kombe la Dunia 2019 na 2023, alizaliwa Zwide, mtaa wa maskini, lakini akiwa na miaka 12 alipata ufadhili wa kusoma Grey, shule yenye viwanja na makocha. Kipaji kiliota Zwide, kikapaliliwa Grey. Sisi tunapalilia wapi?

Mwalimu wa michezo, shule ya kata: Naunga mkono kwa sharti. Vifaa havinitishi, kinachonitisha ni mwalimu. Michezo mingi huletwa na wageni kwa semina ya siku moja, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Anayejua sheria akihamishwa, mchezo umekufa. Kila shule ipate walimu wawili, mmoja awe mwanamke, na wafuatiliwe mwaka mzima. La sivyo msituletee.

Mama wa wanafunzi wawili, Cheyo: Hata utepe watoto hugongana vichwa. Nani analipa hospitali ya Kitete mwanangu akiumia? Nataka jibu kabla ya kusaini ruhusa.

Mtoa mada: Mama, uko sahihi kudai. Kanuni ya raga ya watoto duniani ni kwamba mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatolewa na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Hilo mwalimu alijue kabla ya kushika mpira. Gharama za matibabu ziandikwe kwenye barua ya ruhusa kabla ya mazoezi ya kwanza. Shule isiyoweza kuziandika, isianze.

Mwalimu, sharti lako la walimu wawili nalichukua kama lilivyo. La Kanyenye bado tunalo mezani: ni shule ipi ya sekondari hapa mjini iko tayari kuwapokea watoto hawa wakimaliza darasa la saba? Walio karibu na wakuu wa shule waseme.