Diski gofu kwenye mikorosho: niagize puta, midirenji au draiva?

Kijichi_Kwetu: Wakuu salaam. Kuna ndugu anarudi kutoka Marekani, amekubali kunibebea diski mbili tu. Nimealikwa kucheza diski gofu, ule mchezo wa kurusha diski hadi iingie kikapuni, kwenye shamba la mikorosho Kigamboni. Nimezoea kurushia ufukweni Coco Beach, kwenye miti sijawahi. Nawaza draiva (diski ya kurushia mbali) na midirenji (ya masafa ya kati). Anataka jibu leo.

Pozi_la_Pwani: Mkuu, maelezo hayatoshi. Unarusha mita ngapi? Mkono gani? Njia kati ya miti ina upana gani?

DadaMbagala: Hata kabla hajajibu: puta. Mimi kwenye miti naanzia na puta iitwayo Aviar. Kasi yake ni 2 (namba ya diski; ikiwa kubwa, diski inataka kurushwa kwa nguvu), ikigonga shina inadondoka hapohapo, huifuati vichakani.

MzeeWaUpanga: Puta ni ya kumalizia kikapuni, dada. Achukue midirenji iitwayo Buzzz, kasi 5, inanyooka vizuri.

Kijichi_Kwetu: Mkono wa kulia, kama mita 60. Upana sijui, sijafika.

Baridi_Tampere: Mita 60? Draiva iache kabisa! Nilipokuwa nasoma Finland, muuza duka alinisukumia draiva iitwayo Destroyer, kasi 12, eti ndiyo inafika mbali. Sikuambiwa kwamba usipoirusha kwa nguvu nyingi inakatia kushoto mapema kwa anayerusha bekihendi (mkono ukianzia upande wa pili wa mwili) kwa mkono wa kulia. Uwanja wenyewe uko ndani ya misonobari, njia nyembamba. Kila mrusho kushoto, kila mrusho msituni. Ikigonga mti kwa kasi ile inaruka mbali na njia, na sheria inakupa dakika 3 tu za kutafuta. Zikipita unaongezewa pigo moja la adhabu kwenye hesabu yako ya mirusho, unarudi ulikorushia. Mwenyeji wangu alinipa puta tukiwa katikati ya uwanja, ndipo nikaanza kucheza.

Pozi_la_Pwani: Umesema kweli. Tena matawi ya mkorosho huanzia chini, jifunze kurusha chinichini. Rangi ya kahawia usiguse, itapotelea kwenye majani makavu. Agiza waridi.

MzeeWaUpanga: Tawi likikuzuia si unalivunja tu?

DadaMbagala: Hapana mzee! Tawi lililo mtini haliguswi, sheria inakataza. Kavu lililoanguka ndilo unaloweza kusogeza. Halafu ile ni mikorosho ya mtu, inamlisha.

MzeeWaUpanga: Na diski ikinasa juu?

DadaMbagala: Unachezea chini yake usawa uleule. Zaidi ya mita 2 kuna pigo la adhabu, ila pale tu mwandaaji akitangaza kanuni hiyo.

Kijichi_Kwetu: Basi puta na Buzzz? Au puta mbili?

DadaMbagala: Puta mbili.

MzeeWaUpanga: Buzzz mbili.

Baridi_Tampere: Vaa viatu vya kufunika, siafu wapo.

Pozi_la_Pwani: Mnavukaje, pantoni au darajani? Nina nafasi mbili kwenye gari, natokea Kurasini.

DadaMbagala: Darajani. Nihesabu mimi, nitakusubiri kituo cha Uhasibu.