Kuwafundisha watoto wadogo nomino: kadi za picha, vitu halisi au sentensi? Tulinganishe

Mwalimu wa PP2 (Kilifi)

Habari zenu walimu na wazazi. Nafundisha PP2, watoto wa miaka mitano hivi. Muhula ujao nataka wazoee kuzitambua nomino na kuzipanga kwa makundi kabla hawajaingia Gredi ya 1. Sina haja ya kuwakaririsha neno "nomino" wala kuwaandikia ubaoni majina ya makundi hayo kama A-WA. Ninachotaka ni sikio: mtoto ajue kwamba "kijiko" na "kikombe" ni ndugu, na kwamba "jiwe" si wa ukoo huo.

Nina njia tatu mezani.

Ya kwanza ni kadi za picha zinazopangwa kwa maana: watu, wanyama, vitu, mahali. Ni nafuu. Karatasi ya manila, picha za magazeti ya zamani, gundi, kazi imekwisha. Watoto hushika haraka sana. Shida ni kwamba kikapu cha "vitu" humeza kila kitu. Kisu, meza, jiwe na mkate hulala pamoja humo, ilhali mdomoni kila kimoja kina njia yake.

Ya pili ni vitu halisi kwa umoja na wingi. Kijiko huku, vijiko kule. Jiwe huku, mawe kule. Mtoto husikia mwanzo wa neno ukigeuka. Tukifika kwenye sahani, kalamu na meza, neno halisogei, na darasa zima hunitazama.

Ya tatu ni sentensi. Kitu kinaangushwa, mtoto anasema kilichotokea: kijiko kimeanguka, embe limeanguka, mkate umeanguka. Vinavyosikika sawa vinaingia kikapu kimoja.

Mimi naegemea ya tatu. Mliojaribu, nielezeni.

---

MamaPacha (Dodoma)

Mwalimu, usizitupe kadi. Pacha wangu wana miaka minne na hawajui kusoma hata herufi moja, lakini kwa kadi wanaweza kukaa mkekani muda mrefu wakipanga wenyewe bila mtu kuwasimamia. Sentensi inamhitaji mtu mzima akae pale kila wakati. Nyumbani hilo ni jambo kubwa. Mama anapika, mtoto anapanga.

Kisha kuna hatua ambayo naona umeiruka: kabla ya kugawa nomino kwa makundi, mtoto ajue kwanza lipi ni jina la kitu na lipi si jina. Kadi ya mpira na kadi ya mtoto anayeruka. Ile ni "mpira", hii je? Wangu husema "anaruka", na hapo ndipo tunapoanza kutenganisha vitu na vitendo. Hilo kadi inaliweza vizuri kuliko kuangusha vijiko.

---

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Salamu kwenu. Nimefundisha madarasa ya chini maisha yangu yote ya kazi, na naomba niseme jambo moja kwa kirefu.

Hoja ya mama wa Dodoma ni ya kweli, ila kadi ina mpaka. Ina uwezo na mpira, mbuzi, nyumba. Haina uwezo na furaha, usingizi, njaa, mchezo, na hizo nazo ni nomino anazozitumia mtoto kila siku. Huwezi kuchora njaa. Mtihani mzuri zaidi ni kuliwekea neno "-angu" na kusikiliza. Mpira wangu, njaa yangu, usingizi wangu, mchezo wangu. Sasa jaribu "ruka" au "lala": hakuna mtoto mwenye Kiswahili nyumbani atakayekubali "lala yangu". Atacheka, na kicheko hicho ndicho jibu.

Kuhusu njia ya pili, ya kutazama mwanzo wa neno, nawasihi msiifanye nguzo. Mtoto, mkate, mto na mwalimu yote yanaanza na m. Lakini mtoto ameanguka, mkate umeanguka. Kijana, kipepeo, kifaranga na kiboko wa mtoni yanaanza na ki, lakini hatusemi kipepeo kimeruka. Kuna hata mtume, ambaye wingi wake ni mitume kama miti, na bado tunasema mitume walifika. Ukimfundisha mtoto kwamba ki- ni kikapu fulani, mwakani utakuwa na kazi ya kumsahaulisha.

Wala hatuwafundishi upatanisho, yaani maneno mengine kuifuata nomino kama "kijiko kimeanguka", kutoka sifuri. Mtaalamu wa isimu Katherine Demuth aliwachunguza watoto wa Lesotho wanaokua na Kisesotho, lugha ya Kibantu kama yetu, akaona kwamba wakikaribia miaka 3 tayari wanapatanisha vizuri. Tena wadogo huangusha kiambishi cha nomino yenyewe, huku neno linaloifuata likiwa na kiambishi chake sahihi. Maana yake upatanisho umeshaingia kichwani wakati mwanzo wa neno bado unayumba. Kwa hiyo mtoto wa PP2 anayekua na Kiswahili anakuja darasani akiwa ameshazipanga nomino. Kazi yetu ni kumfanya aisikie kazi aliyokwisha kuifanya.

---

Mzazi wa Eastlands (Nairobi)

Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa, lakini watoto wetu huku hawakui na Kiswahili hicho. Binti yangu anasema "kitabu yangu", "gari yangu", "kiatu yangu". Kila kitu ni yangu. Nikimpa mtihani wako wa "-angu" anatambua nomino vizuri kabisa, lakini kwenye kupanga anaweka zote kikapu kimoja, na kwa masikio yake yuko sawa, kwa sababu mtaa mzima unasema hivyo. Sisi wazazi pia.

Akifika Gredi ya 1 anakuta kitabu kinasema "kitabu changu" na anadhani ni lugha nyingine. Kwa mtoto kama huyu mnaanzia wapi?

---

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Marahaba mwanangu. Swali lako ni zito na ni la watoto wengi. Lubumbashi kule Kongo nako utasikia "kitabu yangu", na si uvivu wa mtu yeyote. Ni Kiswahili cha pale, kina mazoea yake.

Kwanza usimsahihishe katikati ya maneno yake. Akisema "kitabu yangu imepotea", wewe jibu "kitabu chako kimepotea? Tukitafute. Kitabu chako kilikuwa wapi jana?" Umeshampa kiambishi mara tano bila kumnyamazisha. Pili, msimulie hadithi kila jioni, zenye kurudiarudia. Sungura alikitafuta kisima, kisima kilikuwa kirefu, kisima kikakauka. Mtoto anayesikia "ki, ki, ki" ataanza kuitarajia. Kupanga kwenye vikapu kuje baadaye, na uanze na makundi mawili tu yaliyo mbali kwa sauti: huyu na hiki. Viumbe kwa vitu. Hata mtoto wa Nairobi husema "mtoto amelala". Hapo hana shida.

---

Bint Pwani (Mombasa)

Mimi nataka kutetea vitu halisi, kwa sababu mnavizungumza kama vijiko tu. Mwili wa mtoto ni kapu tosha, wala haugharimu shilingi. Kichwa, kidevu, kifua, kiuno, kidole, kisigino: hivi vyote ni hiki. Jicho, sikio, jino, bega, tumbo, goti: hili. Mkono, mguu, mdomo, mgongo: huu. Pua na shingo: hii. Makundi manne kabla hujatoka mkekani, na mtoto anajigusa anaposema. Ukitaka la tano una ulimi, ukucha na unywele.

Mimi hucheza nao hivi: nasema "hiki!" wao washike kitu cha mwili kinachofaa. Mmoja anashika kichwa, mwingine kidole, wote wamepata. Nasema "hili!" wanakimbilia masikio na matumbo. Akishika mkono kwa "hili" wenzake humwambia kabla yangu. Hakuna kadi inayoleta kelele nzuri kama hiyo.

Na sokoni! Matunda na miti yake. Embe hili, mwembe huu. Chungwa hili, mchungwa huu. Papai hili, mpapai huu. Halafu nazi hii, mnazi huu, na ndizi hii, mgomba huu. Miti yote imekaa upande mmoja, matunda yamegawanyika mawili. Watoto wa pwani wanaijua miti hii kwa kuipanda, waacheni wapange majani na matunda yenyewe.

---

MamaPacha (Dodoma)

Bint Pwani, hilo la mwili nalichukua leo hii.

Lakini nina swali. "Huu" inabeba mkono na ulimi, lakini umetuambia ni makundi mawili. Na "-angu" ya mwalimu ndiyo inazidi kuchanganya: mtoto wangu, mkate wangu, ufunguo wangu, zote wangu. Kisha baba yangu, rafiki yangu, dada yangu, wakati ni watu. Tutawaambiaje?

---

Bint Pwani (Mombasa)

Hapo ndipo wingi unapofanya kazi yake. Mkono huu, mikono hii. Ulimi huu, ndimi hizi. Umoja peke yake hautoshi kutenganisha, na wingi peke yake hautoshi, maana pua hizi na ndimi hizi zinafanana. Sema jozi nzima: huu na hii, huu na hizi, hii na hizi, hili na haya. Watoto huiimba kama wimbo wa kuruka kamba. Na jozi inatatua ile shida ya mwalimu wa Kilifi pia. Sahani haigeuki, lakini sahani hii imevunjika, sahani hizi zimevunjika. Neno limetulia, sentensi imesogea.

Kuhusu baba yangu na rafiki yangu, "-angu" ibaki mtihani wa kutambua. Kwa kupanga tumia huyu, hiki, hili. Rafiki huyu, dada huyu, baba huyu, hakuna utata.

---

Baba Amani (Minneapolis)

Salamu kutoka Marekani. Wanangu husikia Kiswahili kwetu sisi wawili na kwa bibi yao kwenye simu, basi. Kwetu kadi zilifaa kuanzia, kwa sababu hata maneno yenyewe walikuwa hawana. Huwezi kupanga neno usilolijua. Lakini tulibadilisha namna ya kuzitumia: hatupangi kwa "wanyama" na "vitu". Tuna kadi za neno moja lenye picha mbili. Ndege wa mtini na ndege ya uwanjani. Paa wa porini na paa la nyumba. Bibi anauliza kwenye simu, "Ndege huyu yuko wapi?" Mtoto anainua kadi moja. "Ndege hii iko wapi?" Anainua nyingine. Neno ni lilelile, kwa hiyo mtoto analazimika kusikiliza kinachofuata. Kwa watoto wenye Kiswahili kidogo sijaona zoezi lililowasaidia kuliko hili.

---

Bint Pwani (Mombasa)

Ongeza mbuzi! Mbuzi ametoroka, na mbuzi ya kukunia nazi imepotea. Na kwa wenzetu wa bara Kenya, nyanya (yaani bibi) amefika kutoka shamba, nyanya imeoza.

---

Mwalimu wa PP2 (Kilifi)

Ahsanteni sana. Nitaanza na mwili, niende kwenye vitu vya kuangusha, kisha kadi za picha mbili za Baba Amani. Kadi za watu, wanyama na mahali nitaziweka kona ya kucheza wapange wenyewe, kama anavyofanya MamaPacha.

Mawili yamebaki. Vikapu niviandike nini? Nina mtoto aliyehamia kutoka Tanzania, na dada yake mkubwa anamsomesha makundi kwa majina ya M-WA, M-MI, JI-MA. Na maji? Kila nikifanya zoezi hili lazima kuna mtoto anayeniletea kikombe cha maji na kuuliza aweke wapi.

---

Mwalimu Mstaafu (Tanga)

Vikapu usiviandike herufi. Kila kikapu kibandike picha ya kielelezo: mtoto, kiti, embe, mkate, sahani, ufunguo. Watoto waviite "kikapu cha kiti", "kikapu cha embe". Dada mkubwa anafuata umbo la neno, nyinyi Kenya mnafuata upatanisho, na tofauti yenyewe inaonekana kwa samaki na simba: kwa umbo wanakwenda na nyumba na meza, kwa upatanisho wanakwenda na mtoto. Mtoto wa miaka mitano hana haja na mjadala huo. Zile namba 1 hadi 18 za makundi ya nomino za Kibantu, alizozianza mtaalamu wa lugha Wilhelm Bleek karne ya 19 na Carl Meinhof akaziendeleza ziachwe huko chuo kikuu. Muulize tu, samaki huyu au samaki hii? Akishajibu, anajua kikapu.

Maji: mwache ayamwage kidogo sakafuni na aseme kilichotokea. Maji yamemwagika. Maembe nayo yameanguka. Atasikia "ya" mwenyewe na kuyapeleka upande wa maembe, na kwa umri huo mkubalie, pamoja na maziwa na mafuta. Vitabu vitampa kundi lake baadaye. Sukari imemwagika, iende na sahani. Unga umemwagika, uende na mkate. Akikuuliza umoja wa maji ni upi, mpe kikombe, mwambie ahesabu vikombe.