Acheni kuwadanganya watoto eti "nesi hakosi kazi", mimi nina digrii ya uuguzi na kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za chuo

Wakuu habari za usiku. Modereta naomba huu uzi msiuunganishe na zile nyuzi za kuuliza kozi nzuri, huu ni wa hasira na nimeuandika nikiwa na hasira, makosa ya herufi mtanisamehe.

Nipo Ng'hong'hona hapa Dodoma, jirani na chuo, nafanya kazi steshenari. Kuprinti, kutoa kopi, laminesheni, na kipindi hiki matokeo ya form six yameshatoka basi kutwa nzima ni kuombea watu vyuo na mkopo. Mtu anakuja na namba yake ya mtihani na picha ya pasipoti, namfungulia akaunti vyuo vitatu vinne maana siku hizi kila chuo kinaombwa kivyake sio kama zamani TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) walivyokuwa wanapokea wote sehemu moja, nahakikisha cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA, wale wa kusajili vizazi, namjazia Bodi ya Mikopo, bosi ananipa elfu mbili kwa kila fomu. Na chini ya hiyo meza ninayokalia kuna bahasha ya kaki, humo ndani kuna shahada ya uuguzi ya miaka minne, cheti cha kumaliza utarajali (intanshipu) wa miezi kumi na mbili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mwaka wa tatu huu zipo humo kwenye bahasha.

Kilichonitibua ni jana. Kaja mzee mmoja katokea Bahi na binti yake, kavaa koti la suti na hili jua letu, jasho linamtiririka, vyeti vya mtoto kaviweka kwenye mfuko wa rambo kavikunja mara mbili. Shikamoo mzee, marahaba kijana wangu, tuandikie unesi, wa digrii. Binti kasoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na kafaulu vizuri tu. Mzee anasema mwenyekiti wao wa kijiji kamhakikishia nesi hakosi kazi, ameshauza ng'ombe wawili na wa tatu anamuuza chuo kikifunguliwa. Mimi nikamgeukia binti nikamuuliza wewe unapenda nini, akamwangalia baba yake. Basi nikajaribu kwa adabu kabisa, nikasema mzee wangu mngefikiria na stashahada (diploma), miaka mitatu tu anaingia sokoni, digrii atajiendeleza akiwa kazini. Mzee akakunja uso pale pale. "Wewe kijana usimkatishe mwanangu tamaa. Ungekuwa umesoma ungekaa hapa kwenye kompyuta?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bosi akanikata jicho. Nikajaza. Chaguo la kwanza uuguzi, la pili uuguzi, la tatu uuguzi. Elfu mbili.

Sasa yale niliyoshindwa kumwambia mzee mbele ya foleni nayamwaga hapa.

Kwanza huo wimbo wa upungufu. Kila mtu anauimba na ni kweli upo, WHO, Shirika la Afya Duniani, kiwango chao ni madaktari, manesi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000 na sisi hatujafika hata kukikaribia, ingia wodi yoyote usiku uone nesi mmoja na wagonjwa arobaini wengine wamelala chini. Lakini jamani upungufu upo wodini, haupo kwenye bajeti ya mishahara! Hospitali inaweza kuhitaji manesi mia, kibali cha ajira kikatoka cha watano. Mzazi anasikia kwenye redio "tuna upungufu wa watumishi wa afya" anajua maana yake mwanangu ataajiriwa, kumbe maana yake ni kwamba walioko kazini watakufa na naiti (zamu za usiku) na walioko mtaani watakufa na stresi.

Na hii foleni haijaanza jana. Wakubwa wetu wanakumbuka 2016 ajira ziliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa na vyeti, Aprili 2017 ripoti ya vyeti feki ikakabidhiwa hapahapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), watumishi 9,932, watu wakashangilia wakajua sasa nafasi zimepatikana. Waliokuwa wanahitimu miaka ile wengine ndio tunabanana nao mlangoni mpaka leo, na kila Novemba vyuo vinamwaga wapya.

Pili, na hapa ndio watu hawaambiwi kabisa, nafasi za serikali hazitangazwi "manesi" kwa ujumla. Kuna Muuguzi Daraja la II huyo ni wa astashahada (cheti), kuna Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II huyo stashahada, halafu kuna Afisa Muuguzi Daraja la II, huyo ndio mimi mwenye digrii. Zahanati na vituo vya afya vinavyojengwa kila kata vinawataka hao wawili wa mwanzo na kwa akili ya kawaida ni sawa tu, zahanati ya kijijini ya kazi gani na mwenye digrii? Ila tangazo likitoka unashusha macho unakuta wenzako wa stashahada wametengewa safu ya nafasi, wewe mnagombania chache nchi nzima. Na usifikiri utaomba ya chini, huna cheti cha stashahada, mfumo unakukataa. Usaili wa mchujo niliofanya mimi niliwalaza chumbani kwangu jamaa wanne, wawili wa Mwanza mmoja Songea mmoja Kigoma, chumba kimoja cha kupanga godoro moja la futi nne, tukaamka saa kumi tunagombania ndoo ya maji, tunafika pale ukumbi umejaa mpaka nje watu na bahasha zao. Hakuna aliyepita kati yetu. Wa Kigoma nilimwongezea nauli.

Mtasema jitolee upate uzoefu. NIMEJITOLEA. Miezi tisa, kituo cha afya kimoja sikitaji, huku vijijini Dodoma hii hii, posho elfu themanini ya nauli kutoka mapato ya ndani na hiyo elfu themanini ilitoka mara nne kwa miezi yote tisa. Kuna usiku mmoja nipo na mhudumu wa afya tu, mama kajifungua salama mtoto kalia vizuri, dakika kumi baadae damu zinatoka kama bomba limepasuka. Nikamchoma oksitosini, sindano ya kuzuia damu, nikaweka kanula mbili za kijivu mkono huu na huu, mhudumu kashika tochi ya simu kwa sababu betri za sola zilikuwa zimekata, nikamkanda tumbo mpaka mkono ukafa ganzi, gari la wagonjwa lipo lakini dereva anatafutwa. Mama akapona. Bibi yake asubuhi akanishika mikono yote miwili ananiita dokta (manesi wa kiume wote tunaitwa dokta, ndio faida pekee niliyoipata kwenye hii fani). Mwezi ule posho haikutoka.

Halafu akaja mtumishi mpya kapangiwa na serikali, wa astashahada, kijana mpole ana adabu zake na sina ugomvi naye hata kidogo. Nikamfundisha kujaza partografu (chati ya kufuatilia uchungu), nikamfundisha kumtoa mtoto anayekuja na matako, mwisho wa mwezi simu yake inalia mlio wa benki, mimi inchaji (mkuu wa kituo) ananiambia "tunashukuru sana kwa uzalendo wako". Yaani digrii yangu haina sifa ya kuomba nafasi ya mtu niliyemfundisha kazi. Nilichukua begi langu Ijumaa sikurudi.

Hospitali binafsi ndio kituko kingine. Nimeitwa sehemu moja mjini hapa, metroni (mkuu wa manesi) kafungua faili langu, kalifunga, kasema kijana wewe una digrii, serikali ikitangaza kesho utaniachia wodi, mimi nachukua wa stashahada wanatulia. Nikamwambia nilipe hata kama wa stashahada. Akasema sawa, laki mbili na nusu, shifti sita kwa wiki, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Na kisingizio kipo tayari mdomoni, eti tangu kitita cha NHIF (bei ambazo bima ya afya ya taifa inawalipa hospitali) kibadilishwe Machi 2024 mapato yameshuka. Sibishi, pengine ni kweli, ila kitita hicho kinamwangukia nesi tu, gari la mkurugenzi nililikuta nje linang'aa.

Miradi nayo ilikuwa inatubeba. Wenzangu wawili walikuwa CTC (kliniki za wenye VVU) kwa mikataba ya mashirika, mshahara unaingia vizuri, mmoja kaanza na msingi wa nyumba Nzuguni. Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada, akapigiwa simu asiende kazini Jumatatu. Msingi upo, mbuzi za jirani zinalala humo.

Mkopo sasa. Mzee wa Bahi anadhani Bodi ni msaada. Ukiajiriwa wanakata 15% ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe, usipoajiriwa deni linakaa linakusubiri kama mke. Tushukuru tu ile 6% ya kutunza thamani iliondolewa 2021 maana sisi tusio na kazi ingekuwa inatuzalia watoto usiku tumelala. Na leseni nayo inataka kuhuishwa, inataka pointi za CPD (mafunzo ya kujiendeleza) na ada, uwe na kazi usiwe nayo.

"Nenda nje." Haya, nje. Uingereza wametuweka kwenye orodha nyekundu pamoja na nchi zingine ambazo WHO inasema zina uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, maana yake mawakala hawaruhusiwi kuja kutuchukua, ukitaka unaomba mwenyewe kivyako, IELTS yao (mtihani wa kingereza) unatakiwa 7 kusoma, kusikiliza na kuongea na 6.5 kuandika, halafu mtihani wa kompyuta, halafu ule wa vitendo unaufanyia hukohuko kwao. Marekani wanataka NCLEX, mtihani wao wa leseni ya unesi. Waarabu wengi wanataka uzoefu wa miaka miwili. Sasa uzoefu wa miaka miwili mimi naupatia wapi, niwapelekee barua ya uzalendo? Yaani nchi haiajiri kwa sababu haina hela, nje hawaajiri kwa sababu wanaionea huruma nchi isije ikapungukiwa na mimi. Mimi huyu ninayelaminetisha vitambulisho.

Kuna watu watakuja hapa kusema nachukia digrii. Sichukii. Kama mzazi wako ana hela, kama unataka kuja kufundisha chuoni, kama una lengo la kwenda nje na kingereza chako kimekaa sawa tangu sekondari, au tayari upo kazini na stashahada na mwajiri anakupa ruhusa, soma digrii na uisome vizuri, kazi yenyewe ni nzuri na niliipenda, naipenda mpaka sasa, ile naiti ya yule mama siibadilishi na kitu. Ninachobishia ni mtoto wa mkulima wa uwele kuuziwa miaka mitano, minne ya darasani na mmoja wa utarajali na hapo sijahesabu miezi ya kusubiri kupangiwa huo utarajali, wakati stashahada ni mitatu na haina huo mwaka wa kuongeza. Najua inauma, form six mzima na PCB yake anaingia mwaka wa kwanza wa stashahada anakaa dawati moja na wa form four, ile miaka miwili ya advansi anaiona imeliwa na panya. Kwetu mimi mwenyewe ningeambiwa hivyo 2016 ningemtukana aliyeniambia.

Lawama nazipeleka kwa wanaojua wakanyamaza. Walimu wa chuo wanajua. Wanaokuja mashuleni na vipeperushi wanajua, picha ya binti kavaa nguo nyeupe anatabasamu na stetoskopu shingoni, kipeperushi hicho mwaka mzima sijaona kilichoandika waliohitimu juzi wako wapi. Nimekiprinti mwenyewe kopi mia tano, naongea nikijua.

Kuna jambo moja limenifanya niandike usiku huu badala ya kulala. Jana jioni tunataka kufunga, yule binti karudi peke yake. Baba kamwacha Sabasaba anatafuta jembe la kukokotwa na ng'ombe. Kasimama mlangoni anachezea ncha ya mtandio, akasema kaka, ulikuwa unasemaje kuhusu stashahada. Nikatoa bahasha ya kaki nikamwonyesha. Akaisoma shahada yangu yote mpaka kule chini kwenye sahihi, akauliza "hii ndio ile ninayoomba?" Nikasema ndio hiyo hiyo. Akakaa kimya, akachukua namba yangu akaiandika nyuma ya risiti, kasema Jumamosi baba ana safari ya mnada atanipigia kwa simu ya mama yake.

Kwa hiyo wakuu mlioanza na stashahada mkaajiriwa, semeni ukweli hapa mlikaa mtaani muda gani kabla ya kupangiwa, na mliokwenda kusoma digrii mkiwa kazini semeni kama mlibadilishiwa muundo (cheo na ngazi ya mshahara) mliporudi au mnalipwa mshahara ule ule. Na kama yupo aliyevuka Saudia au Dubai na digrii bila hiyo miaka miwili, ulipitaje. Dirisha la maombi bado liko wazi na kumbadilishia binti machaguo sitamtoza. Jumamosi nataka nimjibu na vitu vya kweli.